Mke Mwenza wa Mama Alikuwa na Kwato

Pale Ubaruku, mashine ya mpunga ikianza kazi asubuhi, pumba hutoka kwenye bomba zikiwa za moto, na harufu yake hututambalia sisi wanawake tuliokalia magunia yetu kwenye foleni. Wenzangu wakiisikia husikia njaa. Mimi husikia wivu. Nina wajukuu wa kutosha timu mbili za mpira pamoja na waamuzi wao, na meno yaliyonibakia hayawezi kuuvunja hata muwa uliochemshwa, lakini harufu ile ikinipiga puani nageuka mtoto wa miguu mitupu, nimenuna, mikono kiunoni, namwonea wivu marehemu.

Juzi binti mmoja kwenye foleni akaniuliza, "Bibi, mbona umekunja uso hivyo? Unaumwa?"

"Siumwi, mwanangu. Namkumbuka mke mwenza wa mama yangu."

"Pole, bibi. Alikuwa mkorofi?"

"Alikuwa na kwato."

Akasogeza gunia lake kidogo. Sikumlaumu. Lakini ninyi wa rika langu, mliozaliwa kwenye makambi ya mashamba ya Wazungu, mtanielewa, maana wengi wenu nanyi mlikuwa na baba aliyekuwa mali ya kitu kingine kabla hajawa mali yenu: trekta, bustani ya maua, jiko la memsabu. Baba yangu alikuwa mali ya farasi.

Shamba lilikuwa kule juu Uheheni, katikati ya Iringa na Mbeya, mahali pa baridi ya kukufanya uone mate yako yakiganda kabla hayajafika chini. Mwenye shamba tulimwita Bwana Soksi, kwa zile soksi zake ndefu alizozivuta mpaka magotini kama anayetaka kujificha humo. Alilima ngano na pareto, na baba alikuwa saisi wake, yaani mtunza farasi. Kazi hiyo aliitoa jeshini. Alikuwa amewatunza nyumbu wa jeshi wakati wa vita, na kwa maelezo yake mwenyewe Wataliano wasingeshindwa kama nyumbu wale wasingekuwa wamekula vizuri.

Mwanzoni walikuwepo farasi wawili wazee ambao kwangu walikuwa kama samani tu. Kisha akaletwa yule jike. Alitoka mbali, kwa meli, kwa treni, halafu kwa lori, na aliposhushwa kambi nzima ilitoka kumtazama. Alikuwa mweupe mwili mzima, na nywele za shingoni zimemwangukia usoni kama shela. Wanawake wakapiga vigelegele kwa mzaha. Jina likamkalia hapohapo: Bibi Harusi.

Tangu siku ile sisi tulikuwa yatima wenye baba.

Alfajiri, kabla jogoo hajakumbuka kazi yake, baba aliinuka na kuchochea moto. Mimi nililala karibu na mlango wa jiko, kwa hiyo nilishuhudia yote. Alichemsha maji, akazimwagia pumba ndani ya debe, akatia chumvi kidogo, kisha akavunja kipande cha sukari guru. Sukari guru, jamani! Sisi sukari guru tulikuwa tukiiona Krismasi, tena kwa mbali, kama nyota ya mamajusi. Alifunika debe kwa gunia, akangoja pumba ziive kwa mvuke wake, kisha akachota kwa vidole vitatu na kuonja mwenyewe. Ugali wetu hakuwahi kuuonja kuona kama utatuunguza. Halafu alibeba debe mpaka bandani, nami nikimfuata kwa kunyata, nikachungulia kwenye upenyo wa mbao. Alimpiga farasi shingoni kwa kiganja, taratibu, pa, pa, na kumwambia kwa sauti ambayo sikuijua kabisa nyumbani:

"Haya, mrembo. Kula."

Mrembo! Mimi nilikuwa nikiitwa "wewe mtoto". Siku za sherehe nilikuwa "wewe Debora".

Mama naye alikuwa na wivu wake, ila wa mama ulikuwa na meno ya kuchekea. Baba akichelewa kurudi, alimwekea chakula na kusema, "Leo ilikuwa zamu ya mke mwenzangu, eti? Mwambie akupikie basi."

"Mke mwenzio hapiki," baba alijibu, "lakini pia hanung'uniki."

"Anung'unike nini na mahari yake imekuja kwa meli!"

Mimi sikuona cha kuchekesha. Nilifanya kazi. Nilijifunza kutikisa kichwa kama yeye. Nilijifunza kupiga chini kwa mguu mmoja nikitaka maji. Zaidi ya yote nilijifunza kulia kama yeye, ile hi-hi-hi-hiii inayoanzia puani na kuishia tumboni, maana kila alipolia, hata kama baba alikuwa upande wa pili wa shamba, alimwitikia kwa mluzi: unapanda, unashuka, unapanda tena. Niliufanyia mazoezi mlio ule nyuma ya choo hadi mbwa wa kambi wakahama. Nikaujua. Nikalia mbele ya baba anakula.

"Huyu mtoto ana minyoo," baba akamwambia mama.

Basi, Bibi Harusi akashikwa na mafua. Tulidhani ni mafua. Pua moja ilitoa kamasi nzito za rangi ya asali, nyingi za kumwagilia bustani ya kabeji, na chini ya taya akatokwa na vinundu. Bwana Soksi alikuwa amesafiri. Baba akamchemshia majani, akamfukiza, akampangusa kwa viganja vyake, na hali haikubadilika. Asubuhi moja, nikiwa pale kwenye upenyo wangu wa mbao, nikamwona amesimama akimtazama farasi anavyohangaika kuvuta pumzi, kichwa kimeinama, pua imeziba kabisa. Akasema peke yake, "Mtoto akizibwa pua, mama yake anafanyaje?"

Ninyi mnajua mama anafanyaje. Sote tumefanyiwa, na sote tumewafanyia wanetu. Baba akaishika ile pua kubwa kwa mikono miwili, akaweka mdomo, akafyonza, akatema. Akafyonza tena.

Nilihisi moto umeniwaka kuanzia kisiginoni. Kwa sababu mimi, wasomaji wangu, nilizaliwa na kamasi. Kamasi zangu na mimi tulikuwa mapacha. Na kila nilipompelekea baba pua yangu, alinisukuma kwa goti: "Hiyo ni kazi ya mama yako."

Nikakimbia nyumbani. "Mama! Mama! Baba kamfyonza Bibi Harusi pua!"

Mama alikuwa ameshika mwiko. Alicheka hadi akakaa chini, mwiko ukaingia kwenye majivu. "Ehee! Miaka yote nafyonza pua za wanangu peke yangu, kumbe fundi yumo ndani ya nyumba!"

Hilo ndilo cheko la mwisho nililolisikia kwetu kwa muda mrefu.

Bwana Soksi aliporudi na kumwona farasi alivyo, aliita bwana mifugo kutoka Mbeya. Akaja na Landrova, mtu mfupi asiyesalimia. Alimchoma Bibi Harusi sindano ya kupima ugonjwa kwenye ngozi ya chini ya jicho, akalala kwa Bwana Soksi, na kesho yake jicho lilikuwa limevimba na kufumba kama la bondia. Bwana mifugo akarudi nyuma hatua kadhaa, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, na swali lake la kwanza likawa: nani anamshika huyu?

Baba alikuwa amekaa nje ya banda, amejifunika blanketi juani. Homa ilikuwa imeshamwingia. Pembeni ya mdomo alikuwa na jipu, na mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba vinundu vilivyojipanga kama shanga.

Ugonjwa huo una jina la Kizungu. Miaka mingi baadaye, nikiwa mama mzima nasoma darasa la jioni kwa taa ya chemli, mwalimu wa afya alifundisha maradhi yanayotoka kwa wanyama kuja kwa watu. Akataja mbwa, akataja ng'ombe. Nikanyoosha mkono: "Na farasi?" Darasa likacheka. "Mama Debora," mwalimu akasema, maana hata mwanangu wa kwanza nimempa jina langu ili lisipotee, "farasi tunao wapi hapa?" Nikaketi. Ningemwambia kwamba mdudu wa kamasi za farasi anaingia mtu, anamwozesha mapafu na ngozi, na wengi wakimpata hawaponi. Wakati ule hata sisi hatukujua hivyo. Tulichojua ni kwamba gari la shamba lilimchukua baba likampeleka hospitali ya misheni, na dresa mmoja wa huko, msaidizi wa daktari, aliyekuja kutukagua sote midomo na makwapa akamwambia mama: "Ugonjwa huu unampata anayekaa na farasi karibu sana. Ninyi mko salama, hakuwaambukiza."

Mama akamshukuru Mungu. Mimi nikaenda kukaa nyuma ya nyumba kufanya hesabu.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Nilipougua surua, nikawa nyekundu kama udongo wa barabara ya Chunya, baba hakuugua. Nilipoumwa macho nikaamka kope zimegandana, baba aliamka macho yanang'aa. Nilimpa mafua kila mwaka, hakuyachukua hata mara moja. Kumbe ugonjwa unampata anayekaa karibu sana! Farasi kaumwa mara moja tu, na baba kaupokea ugonjwa wote, mzimamzima, kama zawadi. Tena akanyamaza nao huko, hata chembe hakutuletea nyumbani. Nililia, na majirani wakasema, mtoto masikini, anamlilia baba yake. Naam, nilimlilia. Lakini nusu ya machozi yale yalikuwa ya mtu aliyenyimwa.

Bibi Harusi alipigwa risasi, na wale farasi wazee wawili pia. Aliyechimba mashimo alikuwa Chibago, mchunga ng'ombe wa Bwana Soksi, Mgogo mwembamba kama fimbo yake, na kwa sababu Wagogo na Wahehe ni watani, alikuwa mtani wa baba, hodari wa kumtukana kila alfajiri kabla ya salamu. Wakamwaga dizeli, wakachoma mizoga humo, wakachoma banda, matandiko, brashi, hata lile debe. Moshi ulikaa juu ya kambi kutwa. Nilikuwa nimedhani nitafurahi. Nilichowaza ni kwamba bibi yangu alipofariki hakupata moshi hata wa robo ya ule.

Tulikwenda hospitali kwenye lori la pareto, mama, Chibago na mimi. Baba hakulazwa na wengine. Alikuwa kwenye kibanda cha peke yake nyuma kabisa, karibu na miti, na mbele yake imefungwa kamba ya katani ambayo hakuna ruhusa kuivuka. Dresa alisimama upande wa pili amejifunga kitambaa puani.

"Kamwene," mama akamsalimia.

"Kamwene, mama." Akashusha sauti. "Vidonge tunampa. Anavimeza tukimlazimisha. Lakini hali chakula, na hasemi. Nimemwita kwa jina, sista kamwimbia, mchungaji kamwombea. Amegeukia ukutani. Mtu akigeukia ukutani, mama, dawa inafanya kazi peke yake."

Dirisha lilikuwa wazi. Ndani tuliona blanketi, na juu ya blanketi kisogo. Mama akaita, "Baba Debora!" Akaita jina lake la utotoni, ambalo mke halitamki hadharani. Kisogo hakikugeuka. Akaikamata ile kamba kwa mikono miwili, akaivuta kama anayetaka kuikata. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba baba anaweza kuondoka kabisa, na kwamba huko aendako farasi ameshatangulia.

Sikufikiri. Nikapanua pua, nikatikisa kichwa, nikalia.

Hi-hi-hi-hiii!

Wallahi, ndege waliondoka mitini mpaka Mbeya. Dresa aliangusha bakuli. Mama akanyanyua mkono kunizaba, na mkono ukabaki hewani, maana kutoka kwenye kile kibanda, mwembamba kama uzi, umekauka, lakini ni wenyewe hasa, ulitoka mluzi. Unapanda. Unashuka. Unapanda tena.

"Yuko hai!" mama akapiga kelele. "Mume wangu yuko hai!"

Kile kisogo kikageuka. Uso ulikuwa umekwisha, mdomo una vidonda, lakini macho yalikuwa yakitafuta. Yakampita mama. Yakanipita mimi. Yakamtafuta mtu mrefu zaidi, mweupe, mwenye shela.

"Yuko wapi?" baba akauliza.

Mama akatazama chini. Dresa akaokota bakuli lake polepole kuliko bakuli lolote lilivyowahi kuokotwa. Mimi nilikuwa namtazama baba, moyo unaniuma kwa utamu na uchungu kwa pamoja, maana mluzi ule nilikuwa nimeusubiri maisha yangu yote, na nilipoupata ulikuwa na anwani ya mwingine.

Neno zito kama lile mke halisemi, wala mtoto, wala mgeni. Ni la mtani. Chibago akakohoa, akasogea mpaka kamba ikamgusa tumbo.

"Mhehe we!" akaita. "Umelala mchana kama mwanamke mzazi, na mkeo nimemzika mimi!"

Baba akamkodolea macho.

"Nimemzika kwa mikono hii. Shimo la kina, refu, la heshima. Ningewaachia Wahehe wenzio mngemtia chumvi mkamla, mbwa wamewaishia!"

"Umemzika," baba akasema.

"Nimemzika. Hakuteseka, mara moja tu. Nikamwambia, mama, nenda, mumeo ni mvivu, atachelewa. Sasa usinifanye mwongo. Ukimfuata leo nitakutupa shimo moja na wale madume wawili wazee, wakupige mateke mpaka kiyama!"

Blanketi likaanza kutikisika. Sikujua kama baba anacheka au analia, na nadhani hata yeye alikuwa hajaamua. Lakini alipomaliza akasema, "Mgogo mchafu wewe. Nipeni uji." Dresa akakimbia. Alikimbia, nawaambia, kitambaa kikamdondoka puani na hakurudi kukiokota.

Alimeza vidonge kwa miezi. Aliporudi nyumbani mahindi aliyoyaacha yakichipua yalikuwa yameshavunwa na kuliwa. Mkono wa kulia ulikuwa umekauka kidogo, kovu limekaa pembeni ya mdomo, na nguo zilimning'inia kama zimeanikwa. Bwana Soksi hakuleta farasi tena. Alimpa baba kazi ya kutunza stoo, kazi ya kukaa. Nikajisemea: haya sasa. Mshindani hayupo. Baba ni wetu.

Hakuwa wetu. Alikaa mlangoni akitazama mahali lilipokuwa banda. Ukimwita, aliitika baada ya muda, kama mtu anayetoka bonde la pili. Kushindana na farasi hai, jamani, kuna matumaini. Farasi hai hunya, hukanyaga watu, huzeeka. Farasi aliyekufa ni mrembo kila siku.

Na alfajiri bado aliamka. Alichochea moto, akachemsha maji, akamwagia pumba kwenye debe jipya, akavunja sukari guru aliyoinunua kwa Mhindi sijui kwa hila gani, akafunika, akangoja, akaonja kwa vidole vitatu. Halafu alisimama na debe mikononi, hajui aende wapi. Mwishowe aliwamwagia kuku. Kuku wetu walinenepa wakawa hawawezi kuruka hata kwa kutishwa. Mama, asiyeliachia neno limpite, aliliachia hili. "Mwacheni," alituambia. "Anamaliza matanga."

Asubuhi moja ya baridi kali nikaamka na mafua yangu ya kawaida, pua zote mbili zinashuka kwa kasi moja. Baba alikuwa ameshafunika debe. Nikatoka kwenye mkeka, nikaenda kuketi mbele yake, upande ule ambao kichwa cha Bibi Harusi kingekuwa. Sikulia kama farasi. Sikutikisa kichwa. Nilikuwa nimechoka kuwa farasi. Nilikaa tu, Debora, na kamasi zangu.

Baba akafunua gunia. Mvuke ukapanda katikati yetu. Akaonja. Akasimama na debe kama kawaida, na mimi nikanyoosha mkono, nikachota kiganja tele, nikatia mdomoni.

Ilikuwa tamu. Ilikuwa na makapi yanayochoma ulimi, na ilikuwa tamu kuliko chochote nilichokula kabla na baada, na mmenisikia, nimekula pilau za harusi elfu kumi. Nikachota tena. Nikatafuna nikimtazama. Sasa, nilikuwa nikimwambia kwa macho, nione.

Baba akaweka debe chini. Akachuchumaa mbele yangu, magoti yakalia. Alitazama uso wangu kama ndiyo kwanza nimeletwa kwa lori. Kisha akanishika kichwa kwa mikono yake miwili, ule mzima na ule uliokauka, akaweka mdomo wake wenye kovu kwenye pua yangu, akafyonza, akatema kwenye majivu. Akafyonza na upande wa pili. Hewa ya asubuhi ikaniingia kichwani baridi, nzima, kama vile nilikuwa sijawahi kuvuta pumzi.

Akanipiga shingoni kwa kiganja, taratibu. Pa, pa.

"Haya, mrembo," akasema. "Kula."

Nikala. Mama akatokea mlangoni, khanga begani, usingizi haujamtoka. Akatazama debe, akatazama pumba zilizonijaa mashavuni, akamtazama mumewe aliyechuchumaa akinitazama natafuna.

"Ee Mungu," akasema, "yule wa kwanza angalau alikuwa analala nje."